Kifungo Kwenye Mkono wa Dobi

Mama mkwe wangu hapimi joto la pasi kwa kurushia maji kama madobi wengine. Huisogeza karibu na shavu, huhesabu mpaka tatu, kisha husema, "Hii ni ya shati," au, "Hii ni ya shuka." Ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, shavu lake halijawahi kuungua, na nguo alizounguza ni mbili tu. Hizo mbili ndizo zilizotuletea kifungo, na kifungo ndicho nusura kinipokonye mama mkwe.

Tunafanya kazi pamoja katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Dirishani ipo meza yake, imefungwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake. Mlangoni yapo mabeseni yangu matatu. Nyuma ya nyumba zipo kamba sita za kuanikia. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Wateja wetu ni nyumba ya wageni ya barabara ya pili, kinyozi mwenye taulo nyingi kuliko vichwa vya kunyoa, na walimu wa shule ya jirani wanaotaka kola zisimame zenyewe hata wao wakiwa wamelegea.

Mama husoma nguo kama wengine wasomavyo gazeti. Akikunjua shati, kabla hajalinyunyizia maji, huwa ameshajua habari za mwenyewe. "Huyu ameegemea ukuta siku nzima, hakufundisha kitu." Siku moja aliinua shati la mwalimu wa hesabu, akatazama mikunjo ya mgongoni, akatikisa kichwa. "Maskini. Huyu amelazwa kwenye kochi." Wiki mbili baadaye tukasikia kwamba mkewe alikuwa amemfungia mlango wa chumbani.

Watu hushangaa kuniona bado nipo pale. Mume kaondoka, mama mkwe kabaki? Ndiyo, kabaki. Siku mwanawe aliponiacha, baada ya miaka kumi na minane, alisema mbele yetu kwamba mtu wa cheo chake hawezi kuishi na mwanamke asiyejua kusoma. Kweli sikupelekwa shule. Herufi nilifundishwa ukubwani na huyo huyo mama yake, kwenye vile vitambaa vidogo vinavyoshonwa ndani ya kola. Basi bwana akabeba sanduku, akabeba redio, akakunja hata zulia tulilokuwa tumesimama juu yake. Mama alimtazama mpaka akafika mlangoni.

"Umesahau kitu," akamwambia.

"Nimesahau nini, mama?"

"Haya zako."

Kisha akanigeukia. "Lete yale mashuka, mwanangu. Yakikauka sana yatanisumbua."

Hayo ndiyo maneno yote tuliyozungumza juu ya talaka yangu.

Sasa, Mama ana ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa tisa. Anajichoma insulini asubuhi na jioni bila kelele. Mwaka jana sukari ilimshuka mara mbili akiwa kazini, na mara zote mbili hakuanguka, alisimama tu. Alisimama wima kama kabati, jasho jembamba usoni, mkono juu ya pasi na pasi juu ya nguo. Mimi nilijua kwa harufu. Shati moja na foronya moja zikawa na alama ya pasi ya rangi ya chai. Daktari akasema mwili wake umeacha kumpa taarifa. Sukari inashuka kimyakimya. Anahitaji kile kidude cha kubandika mkononi kinachopima sukari mchana na usiku na kupeleka namba kwenye simu.

Mwanawe akakileta. Lazima niseme ukweli, alikileta. Alikuja na boksi tatu, simu mpya, na hotuba. Kidude chenyewe ni cha mviringo, cheupe, kama kifungo cha koti la baridi, na chini yake kuna uzi mwembamba unaoingia ndani ya ngozi. Mama akakiita kifungo, na kikabaki kifungo.

"Namba ikishuka, simu yako italia, mama," akasema. "Na ya kwangu italia pia. Kuanzia leo nakuangalia mimi."

Alilitamka hilo neno "nakuangalia" utadhani kaja kumfulia. Tangu siku hiyo, mimi na Mama tukampa jina: Bwana Kengele.

Mama alikipenda kifungo. Alikuwa akiwaeleza wateja namba yake kama cheo. "Mimi asubuhi hii ni sita nukta mbili. Wewe je?" Kinyozi akajibu kwamba yeye hajui namba yake, Mama akamtazama kwa huruma.

Siku ya nne, kifungo kikaanza kubanduka pembeni. Kwetu kuna mvuke kutwa nzima, kuna jasho, na Mama hujipaka mafuta mikononi kila akitoka kuoga. Ukingo wa plasta ukainuka kama kola iliyobandikwa vibaya. Mama akaugusa, akanusa kidole.

"Hii ni gundi," akasema.

"Ndiyo, ni gundi."

"Na gundi ya kubandikia kola hushikishwa na nini?"

Ninaona aibu kulijibu swali hilo hata leo. Kila dobi anajua kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola: kina gundi upande mmoja, na gundi hiyo haishiki mpaka ipate joto. Ikilegea, unairudishia pasi, inashika kama mpya. Basi tukaweka pasi kwenye moto mdogo kabisa, ule wa hariri. Mama akaipima shavuni, akahesabu. Tukakunja leso mbichi mara nne, tukaitandika juu ya kifungo, na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikabonyeza.

Ngozi haikupata kitu, ilipata joto tu. Kifungo ndicho kilichokwenda. Simu ya Mama ikaandika maneno, nikayasoma polepole kwa kidole: badilisha kihisi. Hazikupita dakika kumi Bwana Kengele akapiga.

"Namba zimepotea. Kifungo kimefanya nini?"

"Kimekufa," nikasema.

"Kimekufaje?"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama dirishani.

"Kwa joto."

"Joto gani?"

"La pasi."

"Mmempiga mama yangu pasi?"

Kufikia jioni, habari ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la ukoo la simu, lile nililotolewa wiki ile ile niliyoachwa. Ikafika hivi: yule mwanamke amempiga mama pasi. Leso haikutajwa, wala aliyeipima pasi kwa shavu lake mwenyewe.

Kesho yake tukaenda kliniki na boksi ya pili. Nesi wa kliniki ya sukari ni mama mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba. Tulipomweleza alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakutugombeza, na kwa hilo nitamkumbuka. Akavuta kiti.

"Gundi hii haitaki joto la pasi, inataka ngozi safi," akasema. "Muoshe kwa sabuni isiyo na mafuta. Pangusa kwa spiriti. Halafu subiri. Watu hawasubiri! Ngozi ikauke kabisa ndipo ubandike, na usimpake mafuta mahali hapo. Ukishabandika, weka kiganja chako juu, joto la mkono linatosha."

Kusubiri kukauka ninajua. Hiyo ni nusu ya kazi yangu.

Akachagua nyuma ya mkono wa kushoto, kwenye nyama laini, kwa kuwa wa kulia ndio unaosukuma pasi. Akatuonyesha plasta ya kuongezea juu, akaniambia niikate pembe ziwe za mviringo, maana pembe kali ndizo zinazonaswa na mkono wa gauni. Akasema siku ya kwanza namba zinaweza kuyumba, tusiwe na haraka nazo. Akasema boksi zisikae kwenye rafu ya juu ya pasi, na ya zamani tusiitupe mpaka kifungo kimalize siku zake, kwa sababu ina namba ya kupigia kampuni. Kikifa chenyewe mapema wanaweza kukupa kingine.

"Hata hiki cha kwanza?" Mama akauliza.

"Hicho tuache tu kipumzike, mama yangu."

Mama akauliza tena. Kinyozi alikuwa amemwambia kwamba kuna vijana wanajua kukidanganya kifungo kiendelee baada ya siku zake kumi na nne. Nesi akaacha kucheka. "Kitaendelea, lakini kitakuwa kinakuongopea. Ule uzi ndani unachakaa. Wewe kifikishe tu siku ya kumi na nne, hapo umekimaliza chote. Wengi wanavipoteza siku ya tano, ya sita." Tulipokuwa mlangoni akaongeza, "Na mkiona namba na mtu haviendani, mchomeni kidole mhakikishe." Hilo nililisikia kwa sikio moja.

Nikakitunza kile kifungo kama nguo ya harusi ya mtu. Plasta niliikata kwa kuzungushia kifuniko cha chupa. Nilimshonea Mama mfuko kwenye aproni ili simu ikae mwilini mwake, kwa kuwa tulipoiacha mezani naye akaenda kwenye kamba, namba zilikatika. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne, plasta haikuinuka hata uzi. Nikaanza kujiona fundi.

Siku ya tano, saa nane mchana, simu ikalia. Nyekundu. Tatu nukta moja, na chini ya nne ni hatari.

Mama alikuwa amejilaza baada ya chakula, kama afanyavyo siku zisizo na kazi nyingi. Nikamwamsha, nikamnywesha juisi glasi nzima. Alasiri namba ikapanda hadi kumi na nne. Kesho yake, saa nane, nyekundu. Juisi. Kumi na nne. Siku ya tatu ya kengele vivyo hivyo, na Bwana Kengele akapiga kabla sijashika glasi.

"Unampa chakula saa ngapi?"

"Saa saba. Amekula wali na maharage, sahani imejaa."

"Sahani ya nani? Kila siku saa nane mama yangu anakaribia kufa. Kuna mtu anakula chakula chake humo ndani."

Miaka kumi na minane nilimpakulia yeye kwanza, finyango kubwa kwake, ukoko kwangu.

"Sikiliza," akasema. "Kengele ikilia tena wiki hii, Jumamosi nakuja na gari. Mama anahamia kwetu."

Kwao ni ghorofa ya nne, kwa mke wake mpya, tunayemwita Wa Ghorofani. Mama aliwahi kulala huko siku mbili. Kochi ni la ngozi, nguo zinapelekwa kwenye duka la mashine, na hakuna kamba hata moja ya kuanikia. Alirudi amenuna. "Kule wananikalisha kama chombo cha maua," alisema. Nami niseme kilichokuwa moyoni mwangu: mtu huyu ndiye pekee wa ukoo ule aliyewahi kuniita mwanangu na kumaanisha. Akienda, chumba cha mbele kinafungwa, na mimi nabaki na mabeseni.

Alhamisi ikalia tena. Kundi la ukoo likajaa ujumbe. Shangazi mmoja akatuma sauti nzima akilia kwamba wifi yake ananyimwa chakula na mtu wa kuja. Mama aliisikiliza akiwa anapiga pasi taulo, akasema, "Huyu hajanitembelea tangu simu zikiwa za kuzungusha," akaendelea.

Ijumaa nilikaa kitini kuisubiri saa nane kama mtu anayesubiri mgeni mbaya. Simu ikalia: tatu kamili. Nikamshika bega. Mama akafumbua macho, akapiga mwayo.

"Tayari?" akasema. "Haya, lete hiyo juisi yako. Nitaota matunda mwishowe."

Hapo ndipo nilipomtazama sawasawa. Mtu wa tatu kamili hafanyi mzaha. Nilimwona mara mbili alipokuwa ameshuka kweli: jasho, macho ya mbali, mdomo mzito. Huyu alikuwa mkavu kama shuka la jana, anachokoza. Nikakumbuka neno la nesi mlangoni. Nikapekua droo, nikatoa ile mashine ya kuchoma kidole ambayo Bwana Kengele alituambia tuitupe kwa kuwa imepitwa na wakati. Nikamwosha kidole, nikachoma.

Sita nukta nane.

Nikachoma kingine. Sita nukta saba.

"Geuka," nikamwambia.

"Unanikagua kama nani?"

"Geuka, Mama."

Kwenye nyama ya mkono wa kushoto kulikuwa na mikunjo. Mstari mrefu wa kamba, halafu mistari midogo sambamba, minne, kama kingo za shuka zilizokunjwa na kupangwa. Mistari hiyo naijua kama ninavyoijua mikono yangu, kwa sababu ni mimi ninayeyafunga yale mafurushi. Mama alikuwa analala juu ya furushi la mashuka ya nyumba ya wageni, yakiwa bado na joto la pasi, ubavu wa kushoto, kwa kuwa bega la kulia linamuuma; usiku kitandani hulala chali. Alikuwa anakilalia kifungo. Kile cha kwanza, na hiki katika siku zake nne za mwanzo, havikuonyesha hivyo kwa sababu siku zile nyumba ya wageni ilijaa na hakuna aliyepata nafasi ya kulala.

Hatukunywa juisi. Tulikaa tukaitazama simu kama watu wanaongoja maji yachemke. Tatu kamili. Tatu nukta sita. Nne na nusu. Baada ya nusu saa, sita nukta tano, yenyewe. Nikampigia nesi, akasema, "Ndiyo! Akikilalia, nyama inabanwa, kinasoma chini. Akiondoka juu yake kinarudi. Sikuwaambia?"

"Hukutuambia."

"Basi nilikuwa nacheka."

Nilitaka kumpigia Bwana Kengele palepale. Mama akaninyang'anya simu. "Mwache aje," akasema. "Petroli ni yake."

Jumamosi akaja. Wa Ghorofani alibaki garini, vioo juu. Yeye akaingia na begi tupu mkononi, akasimama katikati ya chumba pale zulia lilipokuwa.

"Mama, tia nguo zako."

"Keti kwanza. Simu yako unayo?"

"Ninayo."

"Ishike." Akaenda kwenye furushi, akajilaza ubavu wa kushoto, akafumba macho. "Nimekula sasa hivi. Umeniona nakula?"

"Nimekukuta unatafuna."

"Vizuri. Ongea na mwenzio."

Mimi nilikunja taulo za kinyozi, kumi na saba. Yeye alitazama kioo cha simu. Baada ya muda simu ikalia mkononi mwake, na bwana akaruka kama aliyekanyaga pasi.

"Mama! Juisi! Uko wapi wewe, lete juisi!"

"Mimi nipo," Mama akasema bila kufumbua macho. "Mchomee kidole mama yako, mwanangu wa kusoma. Mashine ile pale."

Alichoma yeye mwenyewe. Akasoma namba, akaisoma tena. Sita nukta moja. Mama akageukia ubavu wa kulia, mkono wenye kifungo ukawa juu, huru. Tukangoja tena. Namba ikapanda polepole mpaka ikafika sita.

"Hizi mashine," akasema mwishowe. "Hazina maana."

"Mashine haikusema ninanyimwa chakula," Mama akajibu. Akainuka, akachukua simu yake kutoka kwenye aproni, akabonyeza pale pa kurekodi sauti kwa kundi la ukoo. "Mimi hapa. Ninakula mpaka nashiba. Kengele inalia kwa sababu nalala juu ya mkono. Aliyeligundua ni mke niliyeachiwa hapa nyumbani. Wifi, futa machozi."

Akaituma. Bwana akatia simu yake mfukoni.

"Kwa hiyo huji?"

"Nitakuja kutembea. Sasa hivi nina mashuka ya watu."

Akachukua begi lake tupu. Alipogeuka, Mama akamwita asimame. Akamsogelea kwa nyuma, akapitisha kiganja mgongoni mwa shati lake, kutoka bega hadi kiunoni, taratibu, kama anavyopitisha kwenye nguo ya mteja.

"Shati hili umelivaa tangu jana?"

"Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu." Akaifuata mikunjo kwa kidole. "Lile kochi lenu la ngozi, ni refu la kumtosha mtu?"

Akahamishia begi mgongoni, likafunika mikunjo. Garini, Wa Ghorofani akapiga honi. Mimi sikucheka. Nilibeba beseni, nikaenda kuchekea kwenye kamba, nyuma ya mashuka.

Nasikia siku hizi anawaeleza watu kazini kwake jinsi alivyogundua yeye kwamba mgonjwa hatakiwi kulalia mkono wenye kifungo. Aeleze tu. Mwaka huu ameshanipokonya vitu vikubwa kuliko hicho.

Mama sasa hulala ubavu wa kulia. Nimemshonea mto mdogo wa kuwekea bega, na furushi nalisukumia mbali. Mashine ya kidole inakaa mezani, kando ya chupa ya kunyunyizia. Saa nane ni kimya.

Siku ya kumi na nne nililainisha plasta kwa mafuta, nikaivuta kidogokidogo kuelekea upande mmoja, na kifungo kikatoka bila kumuumiza. Chini yake kulikuwa na duara safi, laini kama la mtoto. Wakati huohuo Bwana Kengele akapiga. Namba zimekatika, akasema, kuna nini tena?

Nikamnyoshea Mama simu. Mama alikuwa na pasi shavuni, anahesabu.

"Mwambie kimekufa kwa uzee," akasema. "Na wewe osha mikono, ulete kile kingine."